Mkwe Hashikwi Kiuno

Akina mama wenzangu, na nyinyi wazee wawili mmejificha huko nyuma, hamjambo? Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniambia niongee kwa ufupi. Ufupi siuwezi, lakini nitajaribu. Na msishangae nikiongea nimekaa, huu mguu haupendi kusimama.

Mimi ni wa upande wa Chwele, nauza vitunguu. Nilikuwa na binti mmoja tu. Aliolewa mahali panaitwa Kwanza, karibu na Kitale, na kijana fundi wa pikipiki, mpole, anaongea kama mtu anaogopa kuamsha mtoto. Huyo ndiye mkwe wangu. Jina lake sitataja, na nyinyi mnaomjua nyamazeni.

Siku moja ya soko nilisikia kitu kinanguruma huko barabarani mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba. Ni mkwe wangu, amekuja na pikipiki ambayo sijaona mfano wake tena. Haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri anayemfanyia kazi, mkulima wa mahindi. Ati imetoka Italia, kwa kiwanda kidogo kinachotengeneza chache tu, na ukitafuta nyingine Kenya hii utazeeka. Huyo tajiri hakuruhusu mtu hata aiegemee. Lakini siku hiyo alimrushia kijana funguo, akamwambia, "Chukua hiyo. Ndiyo itakufikisha."

Binti yangu alikuwa hospitali Kitale, amejifungua, na damu inatoka haikomi. Madaktari walitaka damu ya kumwongezea. Yake ni ile haipatikani ovyo, na mimi ninayo.

"Mama, panda twende," akasema, anaangalia chini.

Nikaangalia hiyo kitu. Boda zetu mnazijua: kiti kirefu, chuma ya kushika nyuma, mama anakaa upande na leso yake na heshima yake. Hii haina chuma. Anayeendesha analala juu ya tangi, na wewe wa nyuma umepewa kiti kama kipande cha sabuni, juu huko. Njia ya kukaa ni moja tu, umkumbatie aliye mbele.

Si mnaona shida? Kwetu Wabukusu mkwe hashikwi. Hatusalimiani kwa mkono, hatukai benchi moja, akija na njia hii mimi napita kwa mahindi. Sasa ati nimshike kiuno, mbele ya soko lote la Chwele!

"Mama, nishike tu. Hii si ya kukaa upande."

"Wee! Nikushike wewe? Huu uso nitaupeleka wapi?"

"Mama, anakufa."

Na bado sikumshika. Mwenzangu wa soko, katika kusaidia, akakunja gunia tupu la vitunguu akaliweka katikati yetu ili tusigusane. Watu wakasema, eeh, hiyo sasa ni sawa. Nikakaa upande, mkono mmoja kwa ukingo wa kiti, mwingine umeshika gunia. Gunia, akina mama!

Kijana aliendesha polepole, nasema ukweli wake. Lakini ile kitu haijui polepole. Tulipopita matuta ya Kiminini aliongeza moto kidogo tu, ikaruka. Yeye akaenda nayo. Mimi na gunia tukabaki.

Nilisikia mfupa wa paja ukivunjika. Mkwe wangu akaitupa chini pikipiki ya tajiri, akaja mbio, mikono ameinyoosha. Na mimi nimelala kwa lami, mguu unaangalia kwingine, nikapiga kelele: "Usinishike!" Akasimama. Akaweka mikono nyuma, analia, mpaka wamama waliokuwa wakichoma mahindi kando ya barabara wakakimbia wakanipakia kwa pickup.

Kitale niliwaomba watoe damu kwanza, mguu baadaye. Daktari akaniambia, "Mama, wewe mwenyewe unahitaji." Binti yangu alikuwa chumba cha pili. Alikufa jioni hiyo, ukuta mmoja katikati yetu. Sikumwona. Alizikwa nikiwa kitandani, mguu umevutwa kwa kamba, na mawe ya kunyoosha mfupa yananing'inia.

Ndugu zangu, nawaambia, nilimchukia huyo kijana. Nilichukia pikipiki, nilichukia na hiyo Italia ambayo hata sijui iko wapi. Yeye kila siku alileta mtoto, msichana, amefungwa kwa blanketi. Anamweka mwisho wa kitanda, halafu anaenda mlangoni na kugeukia ukuta. Heshima. Nesi ndiye alikuwa akimchukua na kunipa. Siku zingine sikumtaka hata huyo mtoto. Nilikuwa nikimwomba Mungu anichukue, na sikuwa natania.

Sasa siku moja nesi alikuwa ameitwa kwingine. Mtoto amewekwa pale, ametoka kunywa chupa, nikasikia amenyamaza vibaya. Maziwa yanamtoka puani, uso unabadilika rangi. Nikanyoosha mkono, sifiki. Nikajivuta, mawe yakanirudisha. Na baba yake ameangalia ukuta.

"Mkwe! Geuka! Mbebe, nipe! Nipe kwa mkono!"

Akamnyakua, akanipa. Nikamlaza kifudifudi, nikampiga mgongo. Akatapika. Akalia. Ndipo nikaona mkono wangu mmoja umeshika mkono wa mkwe wangu, umeshika kwa nguvu, na siuachi. Nikamwangalia usoni. Tangu amwoe binti yangu sikuwa nimewahi kumwangalia usoni. Kumbe amekonda hivyo! Kumbe na yeye amefiwa!

"Pole, mama," akasema.

"Pole, mwanangu."

Tulilia wote wawili.

Ndugu zangu wa nyumbani walinikemea, ati nimevunja mila. Lakini wazee wenyewe walisema njia iko. Kijana akaleta blanketi, mimi nikatoa kuku, wakatuombea, ikaisha. Kumbe njia ilikuwepo siku zote, ni vile hakuna aliyeuliza.

Sidanganyi kwamba nimepona. Mguu mmoja ni mfupi, na binti yangu harudi. Kuna ndoto naota nimemshika yule kijana kiuno vizuri, na tunafika.

Nawashukuru wamama wa Kiminini, hata majina yao sikuuliza. Asante kwa nesi. Asante kwa tajiri, alikuja kuniona na hakutaja pikipiki. Na nyinyi mlionipalilia shamba nikiwa nimelala, Mungu awaone. Heshima ni nzuri, mimi bado nayo. Lakini mtu akiwa anakufa, shika kwanza, wazee utawauliza baadaye.

Nimalizie. Huyo kijana ndiye amenileta leo. Ako hapo nje kwa lango, kwenye jua, amembeba mtoto. Amekataa kuingia, kwa sababu wengi wenu mlikuwa mkimwita binti yangu mwanenu, kwa hivyo na nyinyi ni mama wakwe zake. Mimi kutembea ni shida. Naomba mmoja wenu aende amshike mkono, amwingize ndani.