Damayanti Nautiyal, na Sari Iliyokuwa Imekauka

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Uttarkashi leo, siku ya kumi na tatu ya msiba, familia inawashukuru kwa kupanda mlima kwenye tope hili, na imemwomba mpwa wake, Hemlata, awasomee maisha ya marehemu, kwa sharti moja ambalo marehemu mwenyewe aliliacha, kwamba asipambwe.

Damayanti alizaliwa Barkot tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa mwalimu Ghananand Dobhal na mkewe Rukmini, akasoma hapohapo hadi darasa la nane, kisha akapelekwa Dehradun, alikopata shahada ya hesabu mwaka 1970, jambo ambalo ukoo ulilisamehe polepole. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika shule ya wasichana ya mji huu, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2008, na wengi wenu mlioketi hapa mnajua kugawanya kwa sababu yake, hata mkijifanya mmesahau.

Tarehe 2 Februari 1972 aliolewa na Vishwambhar Nautiyal, mwalimu wa fizikia, mtu mpole, msomaji, aliyesahau mwavuli kila alikokwenda. Hawakujaliwa mtoto. Hemlata, aliyefiwa na mama yake mapema, alilelewa katika nyumba hiyo tangu akiwa na miaka sita, na ndiye aliyekuwapo jikoni asubuhi ile ya mwaka 1986, mume alipomkuta mkewe akichambua dengu na kumwambia kwamba anataka kuacha dunia, aende Rishikesh kwenye mji wa watawa, avae vazi lao la rangi ya zafarani, aishike njia ya yoga mpaka mwisho wake.

"Ukweli uko Rishikesh tu?" marehemu alimuuliza. "Huku kwetu haujaletwa?"

"Usinitanie, Damayanti. Bila ruhusa yako hawanipokei."

Hiyo ndiyo desturi, mwenye mke hapokelewi utawani mpaka mke aridhie, na marehemu aliridhia baada ya siku kadhaa, na Hemlata alipolia akimuuliza kwa nini, alimwambia, "Mjomba wako alishaondoka zamani, mwanangu. Alibaki kula tu."

Basi mume akateremka Rishikesh, akanyolewa, akautupa mtoni uzi mtakatifu aliouvaa begani tangu utotoni, akajifanyia mazishi yake mwenyewe kama wafanyavyo watawa wote, akajitolea mabonge ya wali ya wafu kwa mkono wake, akatoka majini akiwa Swami Nirvedananda, mtu asiye na jina la zamani, wala ukoo, wala mke.

Wiki hiyohiyo wanawake wa mtaa walikuja na jiwe la kuvunjia bangili zake za kioo, wakiongozwa na jirani yetu Kunti Semwal, ambaye yupo hapa na ameruhusu haya yasomwe.

"Dada, usituone wabaya," Kunti alisema. "Mumeo keshafanyiwa matanga. Mjane havai bangili."

"Kajifanyia mwenyewe," marehemu akajibu. "Basi na bangili aje avunje mwenyewe. Kaeni mnywe chai."

Walikunywa chai, wakaondoka na jiwe lao, na tangu siku hiyo marehemu hakuwa na mahali pa kukaa. Kwenye harusi wake za watu walipoitwa kumbariki bibi harusi, jina lake lilirukwa, na wajane waliojitenga upande wao waliziangalia bangili zake wakabana midomo, kwa hiyo alizoea kuketi karibu na mlango, palipovuliwa viatu, akasema pana hewa. Ilipofika siku ya wake kufunga kwa ajili ya maisha ya waume zao, yeye alikula mchana kama kawaida, mlango umefungwa, jioni akawasikiliza wenzake wakicheka juu ya mapaa wakingoja mwezi utoke wafungue, na asubuhi yake alikwenda kufundisha.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipoanza kukaa kwa kutafakari. Mume aliacha vitabu vyake, na marehemu, ambaye hakupenda kitu kikae nyumbani bila kazi, alivisoma vyote, kisha akakunja blanketi, akaketi juu yake kila alfajiri, mgongo wima, akijaribu kuituliza akili kama mtu anayengoja maji ya tope yatulie ndani ya ndoo. Wageni walipomuuliza kama anajua kusimama kwa kichwa, aliwaambia kwamba yeye yoga yake ni kutenda linalompasa na kutodai malipo, na kwamba hajafika mbali. Kwa Hemlata alisema wazi zaidi, "Kukaa ni rahisi. Shida ni yule unayekaa naye."

Mwaka 1998 alikwenda Rishikesh, akaketi nyuma kabisa ya ukumbi uliojaa, akamsikiliza Swami akifundisha namna ya kuachilia, kisha akapanga foleni na wengine, akainama, na Swami, kama watawa wanavyomwita kila mwanamke, akamwambia, "Barikiwa, mama," akamwekea tende kiganjani. Alirudi nayo tende, haikuliwa. "Nimekwenda mke," alisema, "nimerudi mama mzazi." Alicheka.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mwezi Julai mwaka huu, 2023, alipokuwa hainuki tena, Kunti alikuja kuuliza jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukiliuliza tangu 1986.

"Dada, siku yako ikifika, tukuvike nyekundu ya mke, au nyeupe ya mjane? Watu wataniuliza mimi."

Marehemu aliyatazama mawingu. Alikuwa ameshazivua bangili wiki iliyotangulia, kwa sabuni, kwa sababu mkono ulivimba na zilibana, akaziweka dirishani bila kuzitazama tena. "Nivisheni chochote kilichokauka," alisema. "Msimu wa mvua huu."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti, akachomwa kesho yake ukingoni mwa mto Bhagirathi, na moto uliwashwa na Hemlata, kazi ambayo desturi humwachia mwanamume, na walionuna walinuna.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, walimu wenzake, wanafunzi waliobeba kuni kwenye mvua, na Kunti, aliyemwosha. Inamshukuru pia mtawa mzee aliyepanda juu kwa gari la maziwa, bila mwavuli, akasimama mbali na moto, maana kiapo chake hakimruhusu kuukaribia, wala hakimruhusu kurudi kuzika mtu yeyote isipokuwa mama yake. Hemlata alimpelekea mwavuli.

"Mmemvika nyekundu au nyeupe?" aliuliza.

"Kijani, Swamiji. Ndiyo iliyokuwa imekauka."

Alisubiri, kama mtu anayedhani kuna maneno mengine yanakuja, na yalipokosekana aliketi juu ya mawe yenye maji, akabaki hapo hata baada ya watu kuondoka. Mwavuli aliusahau.

Shangazi, tulia sasa.