Hewa Iliyokosa Pa Kutokea: Miaka Thelathini na Mmoja ya Fundi Chirau Kombe

Tarehe 31 Machi 1957 Fundi Chirau Kombe, mkuu wa meza ya rejeta katika Karakana ya Shamba, Msambweni, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja kamili. Aliingia kazini tarehe 1 Aprili 1926 kushika taa ya kulehemia. Anatoka akiwa fundi ambaye kazi yake haikaguliwi mara ya pili.

Mzaliwa huyu wa Gazi amepitisha mikononi mwake rejeta za matrekta, malori, pampu za maji na gari moja la maiti. Kila moja aliiandikia kadi: tarehe, kasoro, dawa yake. Kadi hizo ni elfu mbili na mia nne, na hakuna iliyoandikwa neno “labda”.

Wengi watamkumbuka kwa pipa lake. Maji ya visima vyetu yana chokaa na chumvi, nayo huacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta mpaka isipitishe kitu. Kwa hiyo Fundi alikinga maji ya mvua kutoka paa la bati na kuyahifadhi kwa ajili ya injini peke yake. Mwaka 1949 Bi Rispah, mpishi wa ofisi, aliyachota kwa siri wiki nzima, na chai yake ikasifiwa na kila mtu mpaka meneja. Fundi alipogundua hakugomba. Alitia kufuli, akampelekea Bi Rispah birika moja kila Ijumaa.

Lakini jambo lililompa jina ni la ndege. Bwana Hallam, injinia wa shamba, aliunda kwa mikono yake ndege ya viti viwili, akaitilia injini ya gari inayopozwa kwa maji. Wafanyakazi waliiita Mwewe. Rejeta yake ilikaa chini ya pua, nayo ilikuwa kazi ya Fundi Chirau. Mwezi wa Februari 1954, katika joto la kaskazi, Mwewe ilipaa mara ya kwanza. Juu ya Gazi, futi mia nne kutoka ardhini, maji yalichemka, mvuke ukafunika kioo, na Bwana Hallam akarudi kutua akichungulia ubavuni.

Mtaalamu aliyeitwa kutoka mbali alitoa hukumu mbili kabla ya chakula cha mchana: kwamba lehemu ya rejeta inavuja, na kwamba tundu la kuingizia hewa lipanuliwe. Kesho yake Fundi alipewa barua ya meneja. Mwewe ikichemka tena, ataondolewa mezani na kupelekwa kwenye genge la kufyeka nyasi. Alikuwa na karibu miaka ishirini na minane kazini. Aliomba siku tatu.

Siku ya kwanza aliziba midomo ya rejeta, akaizamisha katika karai na kuijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Halikutoka povu hata moja, kwa hiyo lehemu ilikuwa nzima. Kosa halikuwa kwenye maji. Lilibaki kuwa kwenye hewa.

Siku ya pili aliifunga rejeta pamoja na boneti yake juu ya paa la lori, kwa fremu ya boriti. Akagandisha nyuzi za sufi mbele ya rejeta, akalala juu ya magunia ya mbata kichwa kikiwa ubavuni mwa tundu, akaomba lori liendeshwe kwa kasi barabara ya uwanjani. Dereva Ziro alisema, “Mimi nimechukua mbata, nimechukua maharusi. Kichwa cha ndege na mzee aliyelala kando yake, hapo Mola anisamehe.” Hata hivyo alikwenda, mara sita, na soko zima likatoka kutazama.

Nyuzi zilisema kweli. Kama hewa ingekuwa ikiingia kwa nguvu, nyuzi zingelala kuelekea ndani. Za katikati zilisimama tu zikitetemeka. Za pembeni ziligeuka kutazama nje. Hewa ilifika mlangoni, ikakuta chumba kimejaa, ikarudi.

Fundi mwenyewe husimulia kwamba sababu yake aliijua nyumbani. Mwezi uliotangulia alikuwa amepanua mlango wa jiko la mkewe, Bi Mwanasha, ili upepo uingie, na moshi ukazidi kumrudia machoni. Bi Mwanasha alimtazama akihangaika na msumeno, akamwambia, “Baba Suleiman, wafungua mlango wote huo, na moshi utoke wapi?” Kisha akainua makuti mawili upande wa nyuma, jiko likapumua.

Basi siku ya tatu alifanya kinyume cha ushauri wa mtaalamu. Tundu la mbele alilipunguza kwa theluthi. Nyufa zote kandokando ya rejeta, ambamo hewa ilikuwa ikipenya kuikwepa, aliziziba kwa ngozi. Mlango wa kutokea chini ya tumbo aliupanua mara mbili na kuukunjia mdomo wa bati, kwa kuwa hewa ikishapata moto hutanuka na kudai nafasi kubwa kuliko ile iliyoingilia. Mwisho alipandisha tangi dogo la maji mahali pa juu kabisa, ili mapovu yapate njia ya kutoka.

Mwewe ilipaa tena tarehe 17 Machi, saa nane mchana, wakati wa joto kali kuliko wote. Saa hiyo aliichagua Fundi. Ilikwenda hadi Diani na kurudi. Geji ilisoma digrii 195 za Farenhaiti ikipanda na 180 ikienda sawa, ilhali maji huchemka kwa 212. Watu wote walitazama juu. Fundi aliisubiri itue, akainama chini ya tumbo lake na kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka kikavu.

Meneja alitaka kuichana ile barua mbele ya watu. Fundi aliomba isichanwe. Ihifadhiwe, na kadi ya vipimo vya siku ile ibanwe juu yake, ili atakayekuja baadaye azisome zote mbili. Tangu hapo Mwewe imeruka saa mia tatu na kumi bila kuchemka.

Ufunguo wa pipa sasa anao Dzombo, aliyefunzwa na Fundi miaka tisa. Birika la Ijumaa limo katika masharti ya makabidhiano.

Fundi Chirau, ahsante kwa kila kadi. Wewe na Bi Mwanasha tunawaombea afya, umri wenye baraka, na jiko lisilo moshi. Barua ya mwaka 1954 ingali katika faili, na vipimo vyako vimo juu yake. Leo, kwa idhini ya meneja, tunabana karatasi ya tatu: hii.