Bi Ngoja na Diski Iliyonakiliwa Kinyume

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, wa jikoni, wa ofisini na wa barabarani. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda hukuwahi kumwona kwa sura, lakini yawezekana sana aliwahi kuishika kompyuta yako. Alikuwa fundi wa kompyuta kongwe. Wengi walimwita Bi Ngoja. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: fundi wa kompyuta kongwe, Bi Ngoja, hatunaye tena.

Jina hilo alilipata kazini. Mtu akimpigia simu kusema diski yake inagonga, tik, tik, tik, hakumwacha amalize. "Ngoja. Usiiwashe tena. Zima, chomoa waya, uilete kama ilivyo." Watu walisema ndiyo, halafu wakaiwasha mara nyingine tano, eti kuhakikisha. Bwana mmoja aliiweka diski yake kwenye friji kwa sababu jirani alimwambia inasaidia. Bi Ngoja aliipokea ikiwa bado inatoka jasho. Akaitazama diski, akamtazama mwenye diski, akauliza: "Na waya wake umeuchemsha?"

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Ukiingia unakuta meza ndefu, makasha ya kompyuta yaliyovuliwa mifuniko, nyaya bapa zinaning'inia, na rafu imejaa diski laini, zile ambazo vijana wa leo wanadhani ni mapambo. Alijua mifumo endeshi ambayo hata walioitengeneza wameshaisahau. Nazungumzia ile ya kioo cheusi na herufi nyeupe. Haina picha, haina mshale wa kusukuma huku na huku. Unaiandikia amri, unabonyeza enta, nayo inatii. Haikuulizi kama una hakika.

Na diski alizisikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya diski, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Fundi cherehani wa chini, aliyekuwa jirani yake kwa miaka ishirini na minane, anasema mara ya kwanza kumwona hivyo alidhani mama wa watu amechanganyikiwa. "Nikarudi chini taratibu nikamwambia mke wangu, yule jirani mpya tumwangalie kwa karibu."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye siku ambayo ndugu zake wenyewe wametuomba tuisimulie bila kuipamba. Ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Bi Ngoja alikuwa na mdogo wake wa kiume, karani wa idara ya maji. Karani huyo alifiwa na mkewe mapema. Mkewe alikuwa mwalimu, na alipokuwa mjamzito, na hata baada ya kujifungua, alikuwa akikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani akijirekodi hadithi za kumsimulia mtoto. Alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja. Sauti yake ikabaki ndani ya ile kompyuta. Ilikuwa humo tu. Hapakuwa na nakala.

Mwaka mmoja baadaye diski ikaanza kugonga. Karani hakuiwasha tena. Alikuwa mdogo wa fundi, alijua. Aliifunga kwenye taulo, akampelekea dada yake, akamwambia: "Dada, mwanangu hamkumbuki mama yake. Hii ndiyo itakayomtambulisha."

Bi Ngoja alimwambia asiwe na wasiwasi. Akatafuta diski tupu, aina ileile, ukubwa uleule. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuinakili ile mgonjwa kuingia kwenye tupu kabla haijakata roho. Mfumo ule wa zamani hauziiti diski kwa majina. Unaziita ya kwanza na ya pili, kufuatana na mahali zilipochomekwa. Kawaida yake ilikuwa mgonjwa ni ya kwanza, tupu ni ya pili. Siku hiyo, diski mgonjwa ilipochomekwa nafasi ya kwanza, kompyuta haikuitambua. Akabadilisha nyaya. Ikatambulika. Lakini sasa mgonjwa alikuwa wa pili, na tupu ya kwanza. Alijua hivyo, maana alizibadilisha kwa mikono yake.

Hapo akaingia mteja mwenye mashine ya kuchapa iliyokwama karatasi, na maneno mengi. Dakika kumi zikapita. Mteja alipoondoka, Bi Ngoja akarudi kwenye kiti, na vidole vikaandika vilichozoea kuandika miaka yote: nakili ya kwanza kwenda ya pili. Enta.

Akainuka kumimina chai. Akiwa na kikombe mkononi akasikia kitu kisicho cha kawaida. Alisikia kazi inakwenda vizuri. Diski mgonjwa haikimbii. Inasoma kidogo, inakwama, inarudi, inagonga. Hii ilikuwa inateleza bila kigugumizi. Akageuka kuangalia kioo. Asilimia kumi na moja. Hakutafuta kitufe, alishika waya wa umeme akaung'oa ukutani.

Alikuwa ameinakili diski tupu juu ya sauti ya wifi yake.

Fundi cherehani anakumbuka. "Alishuka ngazi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema, nimeifuta sauti ya wifi yangu. Nikamwambia, dada, ile diski si ilikuwa mgonjwa? Mwambie ilikufa mezani. Nani atajua? Akaniangalia mpaka nikaona aibu. Nikarudi kwenye cherehani yangu."

Aliogopa. Hilo alilisema mwenyewe kwa waliokuwa karibu naye: hajawahi kuogopa vile. Na ushauri wa jirani haukuwa wa kijinga. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshika. Lakini alasiri hiyohiyo alifunga ofisi, akaenda kwa miguu mpaka kwa mdogo wake, akasimama mlangoni na kumweleza yote. Alimweleza nyaya, alimweleza namba, alimweleza chai. Akasema: "Haikufa. Ni mimi."

Karani, ambaye sasa ni mstaafu, ametuambia hivi: "Sikupiga kelele. Mtoto alikuwa sakafuni anachezea mifuniko ya sufuria. Nilimwambia dada aondoke, nikafunga mlango. Nilidhani nimefunga kwa siku ile."

Miaka minne hawakusemezana. Narudia: miaka minne. Kwenye shughuli za ukoo mmoja alikaa upande huu, mwingine upande ule, na shangazi mtu alimwona binti wa mdogo wake kwa mbali kama wageni wanavyomwona.

Lakini kazini kwa Bi Ngoja likaanza jambo ambalo wateja wake wote wanalijua. Hakubonyeza tena enta mpaka mtu mwingine amsomee kwa sauti namba zilizo kwenye lebo za diski zote mbili, aseme ipi ni chanzo na ipi inapokea. Na msomaji bora, alisema, ni mwenye diski. Wanasheria walisoma. Wauguzi walisoma. Bibi harusi aliyefuata picha zake alisoma akiwa na rola kichwani. Asipokuwepo mteja, aligonga sakafu kwa kisigino, na fundi cherehani akapanda. "Nimepanda zile ngazi mpaka magoti yakaanza kunidai," anasema. "Siku moja nikamtania, nikasoma kinyume. Hakunisemesha wiki mbili. Sikurudia."

Kisha mashine ya idara ya maji ikagoma. Ilikuwa kompyuta ya mfumo uleule mkongwe, na ndani yake mlikuwa na orodha ya vali zote za mji: ipi inafungua wapi, ipi ikifungwa nani anakosa maji. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka, na mafundi bomba wakawa wanafunga vali kwa kubahatisha. Meneja akauliza nani anaijua mashine hii. Jibu likawa moja. Na mwenye ufunguo wa chumba cha mashine alikuwa nani? Karani.

Bi Ngoja alifika, akafungua kasha, akachomeka diski tupu. Akaandika amri yake. Halafu akaondoa mikono mezani.

"Nisomee namba ya hii ya kushoto," alisema, bila kumtazama mdogo wake.

Karani alibaki mlangoni na ufunguo wake.

"Bila kusomewa sibonyezi."

Meneja akapandisha sauti. "Soma basi, bwana! Watu hawana maji!"

Karani akavaa miwani, akainama, akasoma tarakimu mojamoja. Ya kushoto, ya kulia. Akafuata waya kwa kidole kutoka kwenye diski mpaka mahali ulipochomekwa. Kisha akasema: "Hii ndiyo yenye vitu, fundi. Ile ndiyo tupu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Akarudia. Karani akamwambia arudie tena. Akarudia tena. Mara tatu, mbele ya meneja na mafundi bomba wenye matope, dada mtu alirudia kama mwanafunzi, bila kukunja uso. Ndipo akaruhusiwa kubonyeza. Orodha ilipatikana yote.

Ilikuwa mara ya kwanza mdogo wake kumsemesha baada ya miaka minne, na alimwita fundi. Kuanzia hapo walipeana salamu za juujuu, za kwenye misiba na harusi. Siku ile, wakati akikunja nyaya zake, Bi Ngoja alimwambia: "Ile diski bado ninayo." Akajibiwa neno moja: "Itupe."

Hakuitupa. Wasikilizaji wapendwa, hapa nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe ilibidi nielezwe mara mbili. Diski ilifutwa asilimia kumi na moja, mwanzoni, penye orodha ya mafaili. Kilichofuata hakikufutwa, ila kilibaki bila orodha, ni kama daftari lililochanwa kurasa zikamwagwa uani, na kurasa hazina namba. Tena diski ni mgonjwa. Kila mara aliiruhusu izunguke robo saa tu, kisha akaizima ipoe. Kuitoa yote humo kulichukua miaka miwili ya Jumamosi asubuhi. Kuunganisha vipande kukachukua iliyobaki. Vingi vilikuwa kelele tupu. Kuna mwaka alikata tamaa asiguse chochote. Hakumwambia mdogo wake, kwa sababu hakutaka kumpa tumaini halafu amnyang'anye mara ya pili.

Mwaka jana binti wa karani, akiwa na miaka ishirini, alipanda zile ngazi mwenyewe. Alikuwa amesikia kisa kwa watu. Alisema: "Shangazi, nimekuja kuuliza kama ni kweli." Shangazi akasema ni kweli. Akamvutia kiti, akampa vipokea sauti avae masikioni.

Miaka kumi na minane ya kazi ilikuwa imetoa sekunde thelathini na nane. Hazitoshi hadithi nzima. Mwanamke anaanza, "Hapo zamani, mwanangu, palikuwa na..." kisha anashindwa, anacheka, anasema: "Wewe baba mtu, ukinichekesha tena nakutoa nje. Naanza upya." Na nyuma yake kuna mwanaume anayecheka mpaka anakohoa, mpaka kiti kinalia.

Binti ametuambia: "Nilikuwa nimejiandaa kumsikia mama. Sikujiandaa kumsikia baba. Nimekaa naye nyumba moja maisha yangu yote na sikuwa najua kwamba anacheka hivyo."

Alimpelekea baba yake. Karani alisikiliza mara moja, akatoka nje, akarudi, akasikiliza tena. Tulipomwuliza alijisikiaje, alivua miwani kwanza, akaifuta. Kisha akasema: "Nilimlaumu dada yangu kwamba amepoteza sauti ya mke wangu. Lakini ile ya pili, ile inayocheka, hakuifuta yeye. Ile niliizima mwenyewe."

Kesho yake alikwenda ofisini kwa dada yake. Anasema alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alipofika alisema tu, "Dada, nisamehe na mimi." Bi Ngoja akamwonyesha kiti. "Kaa hapo kwanza, nimalize na huyu mteja, ana haraka." Akamaliza na mteja. Kisha wakanywa chai mpaka fundi cherehani akafunga duka. Walipata miezi saba ya namna hiyo.

Kwa mdogo wake, kwa binti wa mdogo wake, na kwa jirani wa chini ambaye anasema bado anasikiliza kisigino, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studio. Diski za wateja zilizobaki mezani, familia inasema zipo salama na zina lebo. Nendeni mkazichukue.

Familia imetuomba tusizicheze hewani zile sekunde thelathini na nane. Tumekubali, ni za nyumbani kwao.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama yupo mtu ndani ya nyumba yako ambaye hujamsikia akicheka siku nyingi, usitusikilize sisi. Zima redio sasa hivi, ukakae naye.