Bi Wino na Uso Aliouacha Wazi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha uchoraji katika shule yetu, Bi Wino anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo la utani analijua, na vidole vyake vyeusi havijawahi kulikanusha.

Kila darasa alilianzisha kwa mchoro uleule. Aliuchora utotoni, wakati wa vita, kwa kalamu ya kuchovya, akiwa amejificha chini ya ngazi: kijana anafunga kamba za viatu. Mistari ya ukuta ni minene na imetulia. Ya mikono inatetemeka na kurudiwarudiwa, hadi mikono inaonekana minne. Usoni hamna kitu, ila mstari mmoja wa shavu. Tuliulizwa mstari ule unasema nini. Mmoja wetu alijibu kwamba wino uliisha. Akaambiwa akae chini, kisha akapewa alama zote. Mpaka leo hatujaelewa.

Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake wamo wachora ramani wawili na fundi wa mabango ya maduka, anayeapa kwamba yeye ndiye aliyefaulu zaidi.

Wiki iliyopita, sisi wa chama cha uchoraji tulimwandalia zawadi: kila mmoja aliunakili mchoro ule na kuumalizia uso. Tulidhani tutamfurahisha. Alizitazama karatasi zetu. Halafu akasema kijana yule ni kaka yake, aliyetoka kwenda kutafuta maji kabla yeye hajamaliza kumchora, na hakurudi. Picha nyingine yake haipo. Sura yenyewe alishaisahau. Tulitamani ardhi itumeze.

Lakini akaanza kuzipekua. Huyu hapana, pua imezidi. Huyu mzuri mno, jamani, kaka hakuwa mzuri hivyo! Akacheka peke yake. Kwenye uso mmoja alishtuka: masikio madogo! Ya kaka yalisimama kama vishikio vya sufuria. Akachovya kalamu na kuchora sikio moja kwenye mchoro wake wa zamani, kwa mstari mmoja tu. Kisha akalia, akatuuliza kama tunazo nyingine tulizokosea.

Hatukujua tuombe msamaha au tushangilie. Mimi ninayeandika bado sijui.

Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kutazama. Tunakutakia mapumziko mema na afya njema. Nyuso nyingine tutakuletea nyumbani, na tunaomba tukosee vizuri.