Ndoo Moja Iliyopokelewa

Asubuhi hiyo kituo cha maziwa kilirudisha ndoo za mtaa mzima. Maziwa yalikuwa mabonge matupu, mengine na michirizi ya damu. Ilipokelewa moja tu: ya Mama Vikombe, muuza kahawa wa kijiweni. Wenye ndoo zilizorudi walijazana kwenye benchi lake, nyuso zimekunjamana. Akawamiminia kahawa, moyoni anachekelea kama bibi harusi.

— Ni mnara wa simu, alianza Dereva, mwenye ng'ombe watano. Mawimbi yanachemsha kiwele.

— Acha hizo! Kinyozi akadakia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ng'ombe hana nguo. Basi hakuna kinachomla, karogwa tu.

— Wana kinyongo, alisema Fundi Redio. Ng'ombe asiposikia muziki, maziwa yanagandia humo humo. Redio yangu mbovu mwezi mzima sasa.

— Fundi mzima, redio mbovu? Dereva akamcheka.

— Usinitoe kwenye mada!

— Sasa mbona Mama Vikombe kapona? Kinyozi akauliza.

— Ana ng'ombe wawili tu, Dereva akajibu. Mawimbi hayamwoni.

Mama Vikombe akakaribia kucheka. Mara akafika binti anayepima maziwa kituoni, akaomba kikombe.

— Shikamooni.

— Marahaba. Umetumaliza leo, mwanetu.

— Poleni, wazee wangu. Hivi, mkishamkamua ng'ombe mgonjwa, mnanawa kabla ya kumshika mzima?

Dereva alitazama viganja vyake. Kinyozi akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mimi nanawa, alisema Mama Vikombe, mgongo umenyooka. Mgonjwa namkamua mwisho. Kila ng'ombe ana kitambaa chake, na pa kulala pakavu. Ng'ombe mgeni simchanganyi na wengine mpaka apimwe.

— Nani alikufundisha, dada? Dereva aliuliza taratibu.

— Ng'ombe wangu wa kwanza. Kiwele kilimwozea namtazama, na mimi nazunguka kutafuta mchawi. Kumbe ni mikono yangu hii. Siku nilipomzika nikaapa: hafi mwingine kwa uchafu wangu. Mwaka wa tisa huu.

Yule binti akaweka kikombe chini.

— Ndoo yake sijawahi kuirudisha hata siku moja, alisema.

Dereva akakohoa.

— Dada, kesho nije nikuone unavyokamua?

— Karibu sana. Ila hizo kucha ukate kwanza.