Vijiti vya Mkate vya Peguy

Teksi, basi dogo lililojaa abiria, ilipotoka kituo cha Warwick, Peguy alifunua kitambaa akague vijiti vyake vya mkate, virefu na vyembamba. Mpishi mkuu wa mgahawa mmoja wa mtaa wa Morningside alikuwa anamsubiri avionje. Vikimpendeza, Peguy angepata kazi ya kuoka. Kwa adabu akamwambia jirani yake wa kiti, Mama Scola wa Tanga, "Karibu, mama," akitarajia kujibiwa asante, nimeshiba. Mama Scola akachukua.

Kijiti kililia *ka!* Teksi nzima ikanyamaza, kama kanisani padri anapoinua hostia. "Mwanangu, hiki ni nini?" Peguy akajibu kwa unyenyekevu, kwa Kiswahili cha kwao, "Wanasema kilianzia Italia, sababu ya mutoto wa mutawala. Mukate ya kawaida ilishinda tumbo yake." "Libarikiwe tumbo hilo!" Mama Scola akachukua kingine, akapitisha kitambaa nyuma. "Maman, pole pole! Ni ya chef!" "Ulinikaribisha, hukunikaribisha?" "Ilikuwa heshima tu!" "Nami nimekuheshimu, nimekula."

Kitambaa kilirudi na kijiti kimoja. Abiria wakabishana vikali iwapo mpishi mwenye akili anahitaji zaidi ya kimoja, hadi teksi iliposimama Morningside. Peguy akashuka amekishika kijiti wima kama mshumaa wa Pasaka, na dereva, ambaye hupigia honi hata mbwa, akasubiri kimya mpaka avuke barabara.