Bango Zuri la Babu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umeegemezwa kwa tofali, nje ya kibanda cha Wakili cha kuuza makava ya simu. Wakili hajasomea sheria. Jina alilipata kwa kubisha. Mimi nashona viatu hapo hapo, kwa hiyo hata nikichoshwa na maneno yao sina pa kukimbilia. Kahawa ni ya Shangazi. Kwa kweli ni shangazi wa Nembo, yule kijana anayechora nembo za maduka kwa kompyuta, lakini jina lilishatuenea wote, hata Mstaafu, mzee mwenzetu wa kijiweni anayemzidi umri, anamwita hivyo. Asubuhi hiyo alikuwa anamimina kahawa bila kututazama. Baba yake, ambaye ndiye babu yake Nembo, alitoka nyumbani kwenda kunyoa, akasahau njia ya kurudi, na sasa ilikuwa wiki ya pili. Msaada wetu sisi wanaume wa kijiweni ulikuwa bango la mtandaoni. Nikilikumbuka bango lile mpaka leo nakereka.

— Watu elfu nne wamelipenda, Nembo akasema, simu mkononi. Tangu nianze kazi hii sijapata bango lililokimbia hivi.

— Aliyemwona baba ni nani? Shangazi akauliza.

— Hilo linakuja, Shangazi. Kwanza jina likae vichwani mwa watu.

— Jina gani? Baba yangu ni sabuni?

Mstaafu akakohoa. Hukohoa kila anapotaka kutoa methali, na methali zake huangukia popote.

— Subira huvuta heri, mwanangu.

— Mzee wangu, nakuheshimu sana. Usiniambie habari ya subira. Baba yangu yuko nje na hana hata sweta.

Wakili akaichukua simu ya Nembo, akaisogeza karibu na pua.

— Tatizo nimeshaliona. Ni hii kijani. Mtu akiona mzee na kijani nyuma yake anadhani anagombea kiti. Anapita zake.

— Kijani inatuliza macho. Nyekundu ingewatisha.

— Si ndiyo vizuri? Aliyetishika hutazama.

— Mimi naona ni hii nembo ya kijiwe, Mstaafu akasema. Imekaa kulia. Macho yakifika kulia yameshachoka.

Nikashindwa kunyamaza.

— Nembo ya kijiwe inatafuta nini kwenye bango la mtu aliyepotea?

— Ili watu wajue kazi imefanywa na nani, Nembo akajibu.

— Kwani anayetafutwa ni baba au ni wewe? Shangazi akasema. Na huo uso umeufanyaje? Baba yangu ana makunyanzi. Umemnyoosha mpaka anaonekana mdogo wangu.

— Picha ilikuwa chafu, nikaisafisha kidogo. Na ungeniachia niitoe ile kofia, ingekaa vizuri zaidi.

— Kofia haitoki. Kile kiraka cha bluu nilikishona kwa mkono wangu.

— Lakini mzee mwenyewe hayupo wa kulalamika, Wakili akadakia. Asiyekuwepo na lake halipo.

Shangazi alimtazama mpaka Wakili mwenyewe akaomba radhi.

Mngedhani hapo wangetulia. Wapi. Wakili akaja na jambo jipya, kwamba mitambo ya mtandao inawaficha wazee makusudi kwa sababu wazee hawanunui kitu. Tungemvisha mzee miwani ya jua, mitambo ingedanganyika. Mstaafu akataka muziki. Wakili akasema muziki hautoshi, tutangaze kwamba mzee ameshapatikana.

— Kwa faida gani? nikamuuliza.

— Mtu akimkuta mtaani atashtuka. Atasema, huyu si amepatikana? Basi lazima ampige picha.

— Wakili, nyamaza kidogo, Shangazi akasema.

— Kizuri chajiuza, Shangazi. Tunamtengeneza mzee ajiuze.

— Nimesema nyamaza.

Nembo akaanza kujitetea. Bango la kwanza, akasema, tulilikataa wenyewe. Na ni kweli. Lilikuwa limejaa maandishi, Mstaafu akasema linafanana na tangazo la mnada, tukapiga kura hapo hapo benchini, maandishi ya chini yakafutwa. "Nafasi tupu ndiyo inayoongea," Nembo alituambia, na sisi tukatikisa vichwa kama watu wanaoelewa. Mimi nilinyoosha mkono ukiwa bado na gundi. Shangazi hakuwepo, alikuwa anazunguka hospitali akiuliza. Na kwa kuwa simu yake ni ya kubonyeza, bango alikuwa analichungulia kwenye simu zetu tu.

— Tena najibu kila komenti, Nembo akaendelea. Simu nimeitega ijibu yenyewe, hata nikiwa nimelala. Ukurasa makini haumwachi mtu bila jibu.

Hapo akatokea mama mmoja mwenye sare ya ulinzi, viatu vimejaa vumbi. Mstaafu akasogea kumpisha.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu kahawa.

Mama hakukaa. Akatoa simu, akatuonyesha.

— Hili bango ni lenu?

— Letu kabisa, Nembo akasema, akajiweka sawa.

— Limependeza.

— Asante sana.

— Nina swali moja tu. Mtu akimwona huyu mzee, apige namba gani?

Nembo akaichukua ile simu. Akaisogeza picha juu, akaisogeza chini. Palikuwa na kijani tupu. Yale maandishi tuliyoyafuta kwa kura yalikuwa namba ya Shangazi.

— Ilikuwa inaharibu mpangilio, akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi akaweka birika chini.

— Kwa nini unauliza, dada yangu?

— Nalinda ghala la saruji kule barabara kuu. Juzi alikuja akakaa getini kwangu. Uso huu wa kwenye picha sikuufananisha naye, nilimjua kwa kofia, kwa hicho kiraka. Nikampa chai. Nikatafuta namba, hakuna. Basi nikaandika pale chini: mzee yuko kwenye geti la ghala la saruji, njooni mumchukue.

— Wakakujibu? Shangazi akauliza.

Mlinzi akasoma kutoka kwenye simu.

— "Asante kwa sapoti yako. Endelea kusambaza." Nikaandika tena. Nikajibiwa vilevile, na kimoyo chekundu.



— Sasa yuko wapi? Shangazi akauliza.

— Zamu yangu iliisha, nikamwachia mwenzangu. Asubuhi akaniambia mzee ameondoka usiku, amesema anakwenda kwa binti yake anayeuza kahawa. Tangu jana napita kila palipo na birika.

  Shangazi alimwagia makaa kahawa yote iliyobaki, akavua aproni, akaitupa benchini.

— Twende, dada. Nionyeshe alikoelekea.

Nembo akasimama.

— Shangazi, nakuja nawe.

— Wewe kaa. Jibu komenti.

Hakukaa. Alibaki amesimama pale pale, machozi yanamtoka, na simu inatetemeka mkononi mwake ikiendelea kuwashukuru watu.